Karatasi za Hakimiliki kwenye Programu Huria: Ipi Usaini, Ipi Uiache

Vijana wa Mwanza wanaoandika programu, kuanzia wanafunzi wa Malimbe hadi walioajiriwa kwenye viwanda vya samaki na SACCOS za mjini, wakianza kuchangia miradi ya programu huria, zile ambazo msimbo wake (maandishi ya programu) yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuugawa, hukutana na jambo ambalo hawakufundishwa darasani. Kiraka chako, yaani badiliko unalotaka liingizwe kwenye programu, kimekamilika, kimejaribiwa, kinafanya kazi, lakini kabla hakijapokelewa unaambiwa usaini. Mradi mmoja utakuletea mkataba wa kisheria. Wa pili utakuonyesha kitufe cha kubofya. Wa tatu utataka uongeze mstari mmoja chini ya maelezo ya badiliko lako, na wa nne hautakuuliza lolote.

Ushauri unaozunguka vijiweni ni kwamba mkataba mrefu ukimbie na kitufe kibofye tu, maisha yaendelee. Sikubaliani nao. Vipo vitufe vinavyochukua kingi kuliko mkataba mrefu kabisa unaoweza kuletewa. Cha kupima ni nani anapokea haki yako, na akishaipokea amejifunga nini. Urefu wa karatasi ni gharama ya muda, ingawa kwa mtu wa huku kwetu gharama hiyo si ndogo, nami nitaieleza.

Haki unayo tayari

Ukiandika msimbo, hakimiliki yake inaanza palepale. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda maandishi mengine, na huhitaji kwenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kusajili ndipo ulindwe. Ulinzi unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, kwa hiyo kiraka kilichoandikwa Nyegezi kina mwenyewe hata kikisomwa Boston au Hamburg. Wanaotafsiri programu kwa Kiswahili nao wasijione wako nje ya mjadala huu. Tafsiri ni kazi yenye hakimiliki yake.

Matokeo yake ni kwamba mradi wenye wachangiaji mia tano una wamiliki mia tano, kila mmoja na kipande chake. Karatasi zote ninazolinganisha hapa ni njia tofauti za kushughulika na hali hiyo.

Kuhamisha haki yote: njia ya FSF

Free Software Foundation (FSF), shirika aliloanzisha Richard Stallman huko Marekani mwaka 1985, ndilo linalotajwa kwanza mtu akizungumzia kuhamisha hakimiliki. Si kila programu ya GNU, mradi wa programu huria aliouanzisha Stallman huyohuyo, inadai hivyo. Inategemea watunzaji wa programu husika waliamua nini. Emacs, kihariri cha maandishi, inadai mpaka leo. GCC, programu ya kutafsiri msimbo uwe lugha ya mashine, ilidai kwa miaka mingi, kisha Juni 2021 kamati yake ikatangaza kwamba si lazima tena, ikisema mradi umekua na unajiendesha wenyewe. Glibc, maktaba ya msingi ya lugha ya C, ikafuata mwaka huohuo.

Kiraka kidogo cha mistari isiyofika kama 15 hupita bila karatasi. Lakini mistari hiyo hujumlishwa, kwa hiyo marekebisho madogo madogo yakishafika hapo, fomu inakusubiri.

Fomu yenyewe huanza kama barua pepe yenye maswali mafupi. Unachangia programu gani? Umenakili kitu cha mtu mwingine? Una mwajiri anayeweza kudai kwamba mabadiliko haya ni yake? Unasoma shule au chuo kinachoweza kudai hivyo? Wewe ni raia wa nchi gani, ulizaliwa mwaka gani, anwani yako ya posta ni ipi, na mpaka sasa umegusa faili zipi? Baada ya hapo unaletewa mkataba, unasaini, na shirika nalo linasaini upande wake. Usitegemee kiraka chako kiingie wiki hiyohiyo.

Anwani ya posta huwakwamisha vijana wengi wasio na sanduku. Wengine huandika S.L.P. ya chuo, wengine ya parokia, wengine ya ofisi ya mjomba. Andika ile ambayo barua ikifika kweli utaipata, maana hiyo ni anwani ya mkataba.

Swali la mwajiri ndilo zito. Ukijibu kwamba unaye mwajiri anayeweza kudai, mwajiri huyo naye anatakiwa kusaini hati ya kujiondoa, yaani akiri kwamba hatadai kazi hiyo. Jamaa yangu mmoja anayehudumia kompyuta za kampuni fulani hapa mjini aliipeleka hati hiyo kwa afisa utumishi, mama mtu mzima, akaniomba nimsindikize kwa kuwa aliamini nitaeleza vizuri kuliko yeye. Mama aliisoma yote, taratibu, miwani ikiwa imeshuka puani.

"Mwanangu, hii inasema kampuni haidai. Haidai nini?"

"Haidai programu anayoiandika usiku kwake, mama."

"Sasa kama haidai, inasaini ya nini?"

Swali halali kabisa. Jibu ni kwamba inasaini leo ili isije ikadai kesho, programu ikishapata jina. Mama alielewa haraka kuliko nilivyotegemea, ila hakuwa na mamlaka ya kusaini. Hati ikapanda kwa meneja, meneja akaituma makao makuu Dar es Salaam, na huko ikalala. Jamaa yangu akabaki anatuma marekebisho ya mistari miwili mitatu, hadi akahamia mradi mwingine usiodai hati.

Hiyo ndiyo hasara ya njia hii, na mtu asikudanganye kwamba ni ndogo. Kampuni kubwa za Ulaya na Marekani zina wanasheria wanaozijua hati za namna hii. Kwetu hati ya Kiingereza yenye neno hakimiliki inamtia wasiwasi kila inakopita, na anayepata wasiwasi huikalia.

Ila angalia upande wa pili wa mkataba, ule ambao wengi hawafiki kuusoma. FSF inakurudishia haki ya kuitumia kazi yako mwenyewe upendavyo, hata kuiingiza kwenye programu nyingine unayouza. Nayo inaahidi kwamba kazi hiyo, kila itakaposambazwa na shirika au na yeyote atakayerithi haki hizo kutoka kwake, itasambazwa kwa masharti yanayomruhusu mpokeaji kuinakili, kuibadilisha na kuigawa, daima. Hilo la warithi ndilo la kutilia mkazo. Hata kesho shirika likiyumba na haki zikaangukia mikono mingine, ahadi inaambatana nazo.

Faida nyingine huonekana mahakamani. Desemba 2008 FSF iliishtaki Cisco kwa kusambaza programu za GNU kwenye vifaa vya Linksys bila kutimiza masharti ya leseni, na Mei 2009 wakapatana nje ya mahakama. Mdai alikuwa mmoja, mwenye karatasi zake zote mkononi, na hapakuwa na ubishi wa nani mwenye mistari ipi.

Jina lako halipotei. Historia ya mabadiliko inaendelea kuonyesha aliyeandika, na mwajiri wa baadaye akitaka ushahidi wa kazi yako ataukuta palepale. Wanaoogopa kwamba kuhamisha hakimiliki ni kufutwa kwenye kazi yao wanachanganya mambo mawili.

Kuhamishia kampuni

Hapa maelezo ni mafupi kwa sababu maoni yangu hayana kona: usifanye, isipokuwa kampuni hiyo inakulipa.

MySQL AB ya Sweden, wenye hifadhidata ya MySQL, ilikusanya haki za msimbo wake ili iweze kufanya mambo mawili kwa pamoja: kutoa MySQL bure chini ya GPL, leseni inayomtaka kila anayeisambaza programu aitoe na msimbo wake kwa masharti yaleyale, na kuwauzia leseni ya kibiashara wale wasiotaka masharti ya GPL. Biashara halali, na imewalipa mishahara watu wengi. Mwaka 2008 Sun Microsystems ikainunua kwa dola bilioni 1. Mwaka 2010 Oracle ikaimeza Sun. Haki za wachangiaji zilibadilisha mikono mara mbili pamoja na viti na meza za ofisi, na hakuna mchangiaji aliyepigiwa simu kuulizwa. Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi, alikuwa ameshajitenga na kuanzisha MariaDB mwaka 2009.

Tutende haki: MySQL bado inatolewa chini ya GPL. Lakini OpenSolaris, mfumo endeshi uliokuwa wa Sun pia, haikupata bahati hiyo. Mwaka 2010 Oracle iliacha kuutoa msimbo mpya hadharani, na waliotaka kuendelea na kazi huria wakaendelea na illumos. OpenOffice.org, programu za kazi za ofisi, nayo ilikuwa na karatasi ya Sun ya kumiliki kwa pamoja. Septemba 2010 sehemu kubwa ya wachangiaji wakatoka na kuanzisha LibreOffice, ambako hawadai uhamishaji wowote. Unatamka tu leseni unayotolea kazi yako.

Mkataba wa mchangiaji: haki inabaki kwako, lakini

Miradi mingi siku hizi haidai uhamishaji. Inadai mkataba wa mchangiaji: hakimiliki inabaki yako, ila unampa mwenye mradi leseni pana ya kuitumia kazi hiyo. Unatuma badiliko, roboti inakujibu kwamba hujasaini, unabofya, unaandika jina, basi. Dakika mbili. Ndiyo maana watu huona hapa hapana cha kuuliza.

Kipo. Chukua mikataba miwili uisome kwa pamoja, wa Apache Software Foundation na wa kampuni yoyote yenye wawekezaji. Kwa juu juu utaona inafanana: unatoa leseni ya hakimiliki, unatoa leseni ya hataza (patent), unathibitisha kwamba kazi ni yako. Lakini Apache imeandika kwamba kwa upande wake haitaitumia michango yako kinyume na manufaa ya umma au kinyume na hadhi yake ya shirika lisilo la faida. Kwenye mkataba wa kampuni itafute sentensi ya namna hiyo. Mara nyingi utaukuta ukurasa unaisha kabla hujaiona.

Canonical, wenye Ubuntu, wako katikati. Zamani walidai uhamishaji kamili, tangu 2011 wanadai mkataba wa mchangiaji. Wanajiachia uhuru wa kuitoa kazi yako kwa leseni yoyote, hata ya kufungwa, lakini wanaahidi kwamba wataitoa pia kwa leseni ile iliyokuwepo siku ulipochangia. Si ahadi kubwa kama ya FSF, lakini ni ahadi.

Kilichofanya watu waanze kuvisoma vitufe hivi ni matukio ya miaka ya karibuni. Januari 2021 kampuni ya Elastic ilitangaza kuiondoa Elasticsearch, programu yake ya kutafuta data, kwenye leseni ya Apache na kuiweka kwenye leseni ambazo jumuiya ya programu huria haizitambui kuwa huria. Wachangiaji wa nje walikuwa wameshasaini mkataba. Amazon na wengine wakaendeleza toleo la zamani kwa jina la OpenSearch. Mwaka 2024 Elastic ikaongeza AGPL, jamaa ya GPL, kama chaguo jingine, lakini waliokwisha kuondoka hawakurudi wote. Agosti 2023 kampuni ya HashiCorp ikafanya vivyo hivyo kwa Terraform, programu ya kuandaa seva, kutoka leseni ya Mozilla kwenda leseni inayozuia washindani. Kutoka hapo ikazaliwa OpenTofu, ambayo sasa iko chini ya Linux Foundation.

Lakini tusimtwishe mkataba kila kosa. Machi 2024 hifadhidata ya Redis ilibadilisha leseni bila kuhitaji kumkusanyia mtu yeyote saini, kwa sababu msimbo wake ulikuwa chini ya BSD, na BSD inamruhusu yeyote kuuchukua na kuufungia ndani ya bidhaa yake. Kwa hiyo ukichangia mradi wa BSD au MIT, leseni nyingine ya namna hiyo, mkataba wa mchangiaji unaongeza kidogo sana juu ya kile ambacho leseni yenyewe imeshakitoa. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya wa Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo takwimu za zahanati zetu hupitia humo, iko chini ya BSD. Ukiichangia, umekubali tangu mwanzo kwamba mtu anaweza kuipeleka popote. Mahali ambapo mkataba unabadilisha mizani kweli ni kwenye miradi ya GPL na jamaa zake, kwa sababu pale leseni inamfunga kila mtu isipokuwa yule uliyempa ruhusa ya pembeni.

Nirudi kwa mwajiri kidogo. Mkataba wa kitufe nao una sharti lake la mwajiri, ila umelificha ndani: unathibitisha kwamba mwajiri wako ameruhusu, au hana dai. FSF inakuuliza, kitufe kinakujibia. Siku kampuni yako ikija juu, aliyetamka uongo ni wewe.

Mstari mmoja, au hakuna kabisa

Machi 2003 kampuni ya SCO iliishtaki IBM ikidai kwamba mali yake imeingizwa kwenye Linux. Kesi hiyo iliburuzwa miaka mingi. Mwaka 2004 Linus Torvalds alileta utaratibu mwepesi wa kuonyesha kila kipande kimetoka wapi, unaojulikana kwa herufi DCO (Developer Certificate of Origin), yaani tamko la mwandishi kuhusu asili ya kazi yake. Husaini mkataba na mtu. Unapohifadhi badiliko unaandika

git commit -s

na chini ya maelezo yako unaongezeka mstari unaoanza na Signed-off-by, ukifuatwa na jina lako na barua pepe yako. Maana yake ni kwamba unatamka: nimeandika mwenyewe, au nina haki ya kukitoa, na ninakitoa kwa leseni ya mradi huu. Hakuna haki inayohama. Hakuna anayepewa ruhusa zaidi ya wengine. GitLab, kampuni ya jukwaa la kuhifadhi msimbo, waliachana na mkataba wa mchangiaji mwaka 2017 wakahamia huku, na GCC ilipolegeza masharti ilikubali tamko hilohilo.

Angalizo dogo: mstari huo haufutiki, na barua pepe utakayoiweka itasomwa na dunia nzima hadi wajukuu wako. Usiweke ya kazini ambayo utaipoteza ukihama. Na Linux haipokei michango ya mtu asiyejulikana, kwa hiyo usijifiche nyuma ya jina ambalo hakuna anayekutambua kwalo.

Miradi midogo haina hata mstari huo. Pale GitHub, tovuti ambako miradi mingi huhifadhi msimbo wake, masharti ya tovuti yenyewe yanasema mchango wako kwenye hazina (ghala la msimbo wa mradi) yenye leseni unaingia kwa leseni hiyohiyo, isipokuwa kama mmekubaliana vingine.

Sasa udhaifu wake. Haki zikitawanyika, mradi unakuwa kama nyumba ya urithi ambayo kila mtoto ana sehemu yake: hakuna anayeweza kuiuza peke yake, na hakuna anayeweza kuikarabati msingi bila kuwatafuta wote, pamoja na yule aliyehamia Oman na hapokei simu. Hiyo ni kinga na ni mzigo. Linux imebaki GPL toleo la 2, na hata kama wangetaka kuhama, wamiliki ni maelfu. Watunzaji wa VLC, programu ya kuchezea video, walipotaka kuhamisha sehemu za programu yao kwenda LGPL, jamaa ya GPL yenye masharti mepesi zaidi, kuanzia 2011, ilibidi wawatafute wachangiaji mmoja mmoja, wengine walioacha kuandika msimbo miaka mingi nyuma.

Na ukienda mahakamani peke yako, mambo ni magumu. Christoph Hellwig, mwandishi wa siku nyingi wa Linux, aliishtaki VMware huko Hamburg. Mwaka 2016 mahakama iliitupa kesi kwa sababu hakuthibitisha kwa kiwango kilichotakiwa ni sehemu zipi zilikuwa zake na zimetumikaje, na rufaa ikagonga mwamba mwaka 2019. Linganisha na ile ya Cisco. Aliyekusanya haki mahali pamoja alifika mezani akiwa na nguvu, aliyekuwa na kipande chake peke yake akashindwa kwenye uthibitisho.

Wanaochora ramani

Kuna kundi hapa kwetu ambalo limeshasaini bila kujua. Ni wale wanaochora barabara, mialo na visiwa vya Ukerewe na Kome kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na wachangiaji. Ramani si programu, lakini karatasi ni ileile, nami naona hii ndiyo iliyoandikwa kwa akili kuliko nyingi.

Septemba 2012 mradi ulihama kutoka leseni ya Creative Commons kwenda ODbL, leseni ya hifadhidata huria. Ilibidi wachangiaji waulizwe, na kazi ya waliokataa ikaondolewa kwenye ramani. Barabara zikafutika, watu wakazichora upya. Ili wasirudie adha hiyo, masharti ya mchangiaji ya sasa yanaupa wakfu wa OpenStreetMap leseni pana, haki inabaki kwako, lakini wakfu hauwezi kuchagua leseni mpya ya nje ya zile zilizotajwa hadi ipigiwe kura na theluthi mbili ya wachangiaji hai waikubali, na iwe leseni huru na ya wazi. Mchangiaji hai ni mtu aliyehariri katika miezi yoyote mitatu ndani ya 12 iliyopita, mwenye barua pepe inayofanya kazi, na anayejibu ndani ya wiki tatu. Kwa hiyo mtu wa Nansio aliyechora mwalo wake ana kura sawa na mhandisi wa Berlin, alimradi afungue barua pepe yake.

Ulaya kuna jaribio jingine la namna hiyo. FSFE, yaani Free Software Foundation Europe, lina mkataba wa dhamana ambao mradi wa KDE unautumia kwa hiari: unamkabidhi mdhamini haki zako, na akithubutu kuzitoa kwa leseni isiyo huru, haki zinarudi kwako zenyewe. Laiti mikataba ya kampuni ingeiga hata nusu yake.

Sasa wewe uko wapi?

Kama ni mwanafunzi usiye na ajira, FSF isikutishe. Huna mwajiri, na swali la chuo unaweza kulijibu ukisoma sera ya chuo chako kuhusu ubunifu. Nyingi huongelea kazi iliyofanywa kwa fedha au vifaa vya chuo. Saini, subiri, na Emacs itakuwa imekupokea kwa mabadiliko yote yajayo ya programu hiyo. Ukiona uvivu wa karatasi, na unachoandika ni kifurushi cha Emacs tu, kiweke kwenye NonGNU ELPA, hazina ya vifurushi vya Emacs ambako hawadai uhamishaji.

Kama umeajiriwa, anza na miradi ya DCO. Tamko bado ni lako na ukweli wake ni juu yako, lakini hakuna hati ya kuzungushwa ofisini. Kama moyo wako uko kwenye mradi wa FSF, ifuatilie hati mapema kabla hujaandika msimbo mwingi, na ipeleke kwa mtu mwenye mamlaka ya kusaini moja kwa moja. Iambatanishe na maelezo ya Kiswahili ya nusu ukurasa. Ofisi zetu husaini haraka kitu kilichoeleweka kuliko kitu kilichopigiwa debe.

Kama unaishi kwa vibarua vya mtandaoni, mteja wako ndiye mwajiri wako kwa maana ya karatasi hizi. Mkataba wa kibarua ukisema kila ulichoandika kwa kipindi hicho ni chake, basi huna cha kuhamishia mtu mwingine, wala cha kutamka kwenye DCO.

Kitufe cha kampuni kibofye pale tu unaporekebisha hitilafu inayokukera mwenyewe, au unapotaka kujifunza kwa waliobobea, na ukijua kwamba kazi hiyo kesho inaweza kufungwa. Usikipe miezi ya usiku wako kwa kudhani unajenga mali ya umma. Kwenye mradi wa GPL wenye kitufe cha namna hiyo na usio na ahadi yoyote ya mpokeaji, mimi binafsi huacha.

Na kama wewe ndiye mwenye mradi, umeandika mfumo wa kupima na kurekodi sangara pale Kirumba na watu wameanza kukuletea viraka, usinakili mkataba wa kampuni ya Marekani ukabadilisha jina. Weka leseni, dai DCO, endelea na kazi. Ukitaka kuuza leseni ya kibiashara pembeni, waambie wachangiaji hivyo kwa Kiswahili cha kawaida kwenye ukurasa wa kwanza, na uandike wao watapata nini. Mchangiaji mmoja wa maana akiondoka kwa sababu ya karatasi, utamtafuta muda mrefu.

Kwa wanaotafuta kazi sasa hivi, wakati wa kulimaliza jambo la mwajiri ni kabla ya kusaini ajira, siku ile ambayo wao ndio wanakuhitaji. Omba iongezwe sentensi kama hii: "Mwajiri hatadai hakimiliki ya programu huria ambazo mfanyakazi ataziandika nje ya saa za kazi, kwa vifaa vyake mwenyewe, na zisizohusu shughuli za mwajiri." Mara nyingi wanakubali bila kelele, kwa kuwa hawakuwa wamelifikiria. Ukishaipata, tafuta kompyuta yako mwenyewe hata kama ni ya mtumba, maana sentensi hiyo haikulindi ukiandika kwenye ile yenye stika ya kampuni.